Mguu Ukipotea, Njia Isipotee

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumepewa neno moja la kusema leo. Mfanya kazi akiumia hata asiweze tena kwenda kwa miguu, atapataje chombo cha kumpeleka? Habari ya fidia imesemwa mara nyingi katika mikutano yetu. Habari ya kwenda haisemwi sana, nayo ndiyo inayomsumbua mtu kila asubuhi maisha yake yote.

Sisi watu wa reli, kazi yetu ni kupeleka watu na mizigo. Lakini kazi hiyo hiyo yaweza kumwondolea mtu miguu. Anayeunganisha mabehewa husimama kati ya chuma na chuma. Watu wa gengi huinua reli na mataruma mazito juani na mvuani. Fundi wa karakana hufanya kazi chini ya mzigo unaoning'inia. Mwenzetu akiumia na kutoka hospitali, kila mtu humwuliza habari ya kidonda. Ni wachache wamwulizao atafikaje kazini Jumatatu.

Fikirini safari yake. Nyumba iko kilomita tatu kutoka barabara. Matatu haingoji mtu apande polepole; utingo akiona magongo hupiga bati, gari laenda. Bodaboda itambeba, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku hula mshahara kama mchwa. Mikono yake yafanya kazi vizuri, akili yake nzima, ujuzi wake wa miaka kumi na tano haukukatwa pamoja na mguu. Asipoweza kufika, ujuzi huo wote unakaa nyumbani pamoja naye.

Basi tumetafuta habari za mahali ambapo jambo hili limefanyiwa sheria, ili tuone wenzetu walifikaje huko. Tumechagua Uingereza, kwa sababu mbili. Historia yao ya jambo hili ni ndefu, nao wamepita makosa ambayo sisi tusingependa kuyarudia. Tena wako kati yenu wenye ndugu wanaofanya kazi huko, ambao huenda wakahitaji maneno haya kwa ajili yao wenyewe.

MOTOKAA YA MTU MMOJA

Baada ya vita kuu ya pili, watu wengi wa Uingereza walirudi bila miguu au wamepooza. Kabla ya hapo, katika miaka ya vita, fundi mmoja jina lake Bert Greeves alimtengenezea binamu yake aliyepooza, Derry Preston-Cobb, kiti chenye injini ya pikipiki. Kazi hiyo ikawa kampuni, iliyoitwa Invacar, huko Essex. Serikali ikaanza kununua vyombo hivyo na kuwapa wasioweza kutembea. Vilikuwa na magurudumu matatu, bodi nyepesi, na rangi ya samawati hafifu. Mtu hakulipa kitu. Serikali ndiyo iliyonunua, na serikali ndiyo iliyotengeneza.

Kwa mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani, chombo kile kilikuwa neema. Lakini kilikuwa na kiti kimoja tu. Ilikuwa ni marufuku kumpakia mtu mwingine. Mama mwenye ulemavu hakuweza kumpakia mtoto wake. Mume aliendesha peke yake, na mkewe akafuata kwa basi. Tena chombo kilikuwa chepesi, upepo mkali ukikisukuma barabarani. Na mtu aliyeshindwa kuendesha kwa mikono yake mwenyewe hakupata kitu, hata kama alikuwa na mwana au mke wa kumwendesha. Yule aliyeumia zaidi ndiye aliyenyimwa.

Wenyewe wakaanza kulalamika. Hawakusema, "Tupeni chombo kizuri zaidi cha samawati." Walisema, "Tupeni uwezo wa kuchagua." Wakaunda vyama, wakaandika barua, wakaenda bungeni. Mwaka 1974 serikali yao ilimweka Alf Morris kuwa waziri wa kwanza wa mambo ya watu wenye ulemavu. Mwaka 1976 yakaanza malipo mapya, malipo ya kwenda, pauni 5 kwa juma. Fedha hizo zilikuwa za mwenye shida ya kutembea, aendeshe mwenyewe au aendeshwe. Vyombo vile vya magurudumu matatu viliacha kutolewa polepole, na tarehe 31 Machi 2003 vya mwisho viliondolewa barabarani.

JINSI MALIPO YALIVYOGEUKA MOTOKAA

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ufundi. Pauni 5 kwa juma hazinunui motokaa. Mtu akizila kidogo kidogo, mwisho wa mwaka hana fedha wala hana chombo. Mwaka 1977 likaanzishwa shirika la Motability. Kazi yake ni hii: mtu anaweka malipo yake ya kwenda mikononi mwa mpango, na mpango unampa motokaa ya kukodi. Fedha zinatoka serikalini moja kwa moja kwenda kwenye mpango. Hazipiti mfukoni mwake. Yeye anatumia motokaa kwa miaka mitatu, kisha anairudisha na kuchukua nyingine.

Msifikiri ni motokaa tupu. Ndani ya kodi ile mna bima, mna matengenezo, mna tairi, mna msaada gari likikwama njiani. Mtu atafutalo ni petroli, au umeme kwa magari ya siku hizi. Akitaka motokaa kubwa au ya bei zaidi, huongeza fedha zake mwanzoni. Asiyeweza kukanyaga klachi na breki, vifaa vya kuendeshea kwa mikono hufungwa, na vingi havina malipo vikifungwa tangu mwanzo. Asiyeweza kuendesha kabisa anawaandikisha wengine wamwendeshe. Hata mzazi wa mtoto aweza kupewa kwa ajili ya mtoto, kuanzia umri wa miaka mitatu. Asiyetaka motokaa aweza kuchukua kiti cha umeme. Mwaka 2025 watu zaidi ya 800,000 walikuwa katika mpango huo.

Malipo yenyewe siku hizi ni sehemu ya mafao yaitwayo PIP, yaliyoanza mwaka 2013. Anayepata kiwango cha juu cha sehemu ya kwenda ndiye awezaye kukodi motokaa. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, kiwango hicho kilikuwa pauni 77.05 kwa juma. Hawaangalii kwamba mtu ana mshahara au hana. Afanyaye kazi hupata sawasawa na asiyefanya. Hili ni jambo kubwa kwetu wafanya kazi, kwa sababu mtu hatishwi kwamba akirudi kazini atanyang'anywa gari linalompeleka kazini.

MIZANI YA HATUA

Lakini msidhani kwamba huko ni peponi. Kila penye malipo pana mpimaji, na shida ya huko iko katika kipimo.

Zamani, katika mafao yaliyotangulia, ilikuwa desturi kuhesabu kwamba asiyeweza kwenda zaidi ya mita kama 50 ni mtu asiyeweza kutembea. Mwaka 2013 kipimo cha kiwango cha juu kikawa mita 20. Mita 20 ni karibu urefu wa behewa moja. Watu waliokuwa na motokaa kwa miaka mingi waliitwa wapimwe upya, na maelfu yao wakaambiwa hawastahili tena, wakarudisha funguo. Wengine walitumia gari hilo kufika kazini. Wameambiwa waweza kutembea, na kwa hiyo wakashindwa kwenda.

Wengi hawakukubali. Wakakata rufani, na kati ya rufani zilizofika mbele ya baraza la waamuzi, zaidi ya nusu zilishinda. Walishinda kwa sababu sheria yenyewe ina maneno mazuri ambayo mpimaji huyasahau. Sheria yasema haitoshi mtu kuweza kwenda mita hizo mara moja. Lazima aweze kuzienda kwa usalama, kwa namna ifaayo, tena na tena, na kwa muda usiopita kiasi. Mtu akijikaza mbele ya mpimaji, akavuka chumba kwa kuuma meno, kisha akalala siku mbili kwa maumivu, huyo kwa sheria hawezi.

Kujikaza ni tabia yetu wanaume wa reli. Bwana mkubwa akiuliza, "Hujambo?" twajibu, "Sijambo," hata kama mguu unawaka moto. Mbele ya daktari wa kupima ulemavu, tabia hiyo ni hasara. Mwambie ukweli wote. Mwambie unatembea hatua ngapi kabla ya kusimama. Mwambie siku mbaya inavyokuwa, na siku mbaya ni ngapi katika juma. Huko si kulialia. Ni kutoa hesabu.

Kuna upungufu mwingine huko. Anayeomba mafao kwa mara ya kwanza baada ya kufika umri wa pensheni hupewa mafao ya namna nyingine, yasiyo na sehemu ya kwenda. Basi mwenye ndugu huko amwambie: ukiumia au ukiugua, usingoje. Omba mapema.

NA HAPA KWETU?

Sasa turudi nyumbani. Kenya hakuna malipo ya kila juma ambayo mtu aweza kuyageuza motokaa. Mpango wa Inua Jamii huwapa wenye ulemavu mkali shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mmoja wenu ajua 2,000 ni safari ngapi. Lakini tusiseme hatuna kitu. Vipande tunavyo, ila vimetawanyika, na mtu akitoka hospitali hakuna amwonyeshaye. Tuvitaje kimoja kimoja.

La kwanza ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mtu akipata ulemavu wa kudumu kwa ajali ya kazini, fidia yake huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya sehemu ya mia aliyoandika daktari. Tuseme mshahara ni shilingi 30,000. Mara 96 ni 2,880,000. Daktari akiandika 40 kwa mia, fidia ni 1,152,000. Akiandika 30, ni 864,000. Mnaona kwamba kalamu ya daktari ikiteleza kidogo, mtu amepoteza bei ya chombo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupeleka pingamizi, na baada ya jibu ana siku 30 za kwenda mahakama ya kazi. Madai yenyewe yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mwajiri naye, akiisha kupata habari ya ajali, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi.

Katika sheria hiyo hiyo mna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwajiri hulipa gharama za hospitali, na pamoja nazo gharama za miguu ya bandia, magongo na vifaa vingine vitumiwavyo na walioumia viungo. Tena si kununua tu: ni kununua, kutunza, kutengeneza na kubadilisha. Mguu wa bandia huchakaa kama kiatu. Ukichakaa, usinunue mwingine kwa fedha ya karo za watoto kabla hujaja kuuliza ofisi ya chama.

La pili ni kujiandikisha kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wako wenzetu waonao haya kuandikishwa, wakisema, "Mimi si mlemavu, niliumia tu." Haya hiyo yawagharimu. Mwenye cheti cha msamaha wa kodi halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi. Kodi ile isiyokatwa ndiyo nauli. Iwekeni kando, msiichanganye na fedha ya unga.

La tatu ni motokaa isiyolipiwa ushuru. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yamruhusu mwenye ulemavu kuingiza gari moja lililotengenezwa kwa hali yake, bila ushuru wa forodha, mradi hakupata msamaha kama huo katika miaka minne iliyopita. Gari lenyewe lisizidi umri wa miaka minane, na usukani uwe upande wa kulia, kama sheria ya magari yote yaingiayo nchini. Kwa mtu aliyepata fidia, ushuru ule uliosamehewa ni fedha nyingi.

Lakini hapa tahadharini. Wako matajiri wamtafutao mtu mwenye ulemavu ili watumie jina lake. Humpa elfu chache, huingiza gari kubwa, na mwenye jina hubaki na magongo yake. Akija kutaka gari lake mwenyewe, huambiwa amekwisha kulipata. Gari lililosamehewa ushuru halihamishwi hivi hivi kwa mtu mwingine; ushuru hudaiwa. Mtu akikujia na karatasi za namna hiyo, usitie sahihi. Njoo ofisini kwanza.

La nne, si kila mtu apaswa kununua motokaa. Mkaaji wa mji mdogo mwenye mikono yenye nguvu, baisikeli ya magurudumu matatu ya kusukuma kwa mikono yaweza kumtosha. Chama kiitwacho APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kinawahudumia walioumia viungo, nacho kinajua habari za viti na baisikeli hizo. Barabara ya kwako ikiwa ni tope na mawe, sema hivyo kabla hujapimiwa kiti. Kiti cha sakafu ya hospitali hakifai njia ya kijijini.

FEDHA YA MARA MOJA NA FEDHA YA KILA JUMA

Tukilinganisha, tofauti ni moja. Mwingereza hupata kidogo kila juma, na kidogo hicho kinashika gari, bima na tairi. Sisi hupata fungu kubwa mara moja, kisha basi. Fungu kubwa lina marafiki wengi. Anakuja mjomba mwenye shida, anakuja wa kiwanja, anakuja wa harusi. Baada ya mwaka mmoja fedha zimekwisha, na mguu haukuota.

Kwa hiyo twawashauri: mtu akipata fidia, ahesabu safari zake kabla ya kitu kingine. Nauli ya mwezi ni kiasi gani? Miaka ya kazi iliyobaki ni mingapi? Akinunua chombo, asimalize fedha zote kwa bei. Aweke ya bima, ya spea na ya fundi. Motokaa iliyosimama uani bila tairi haimpeleki mtu popote. Ni banda la kuku. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.

YALIYO JUU YA CHAMA

Ndugu zangu, hayo yalikuwa ya mtu mmoja mmoja. Lakini wale wa Uingereza hawakupata malipo yao kwa kila mtu kukaa kwake na kuhesabu. Walipata kwa kusema pamoja miaka mingi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali popote na kutumia vyombo vya usafiri vya watu wote kwa kadiri ifaayo, na kupata vifaa vya kumsaidia. Neno limekwisha andikwa. Sasa lataka watu wa kulidai.

Kwanza, twaomba kila karakana na kila gengi liwe na daftari la ajali la wanachama wenyewe. Andikeni siku, saa, mahali, nani aliona, na nani aliarifiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fidia ni mali.

Pili, mwanachama akiitwa kupimwa, asiende peke yake. Mjumbe mmoja amsindikize, amkumbushe kusema siku zake mbaya.

Tatu, katika mapatano yajayo na mwajiri, tutie kifungu cha posho ya kwenda kwa kila aliyeumia kazini na kurudi kazini, iwe ya kila mwezi na isikatwe maadamu yuko kazini. Pamoja na hiyo, apewe kituo kilicho karibu na kwake, na mahali pa ngazi pawekwe njia ya mteremko. Mambo hayo si makubwa kwa mwajiri, na kwa mtu aliyeumia ndiyo tofauti ya mshahara na kukaa bure.

Nne, tawi liandike majina ya wote walioumia miaka iliyopita na kukaa kimya vijijini. Twende tukawaulize wamejiandikisha au hawakujiandikisha, na kama miguu yao ya bandia ingali yafaa. Waliolipa ada ya chama miaka yote hiyo hawakulipa ili wasahauliwe.

Mtu atauliza, "Mimi miguu yangu mizima, yanihusu nini?" Jibu ni kwamba hakuna aliyeumia ambaye asubuhi ya siku ile alijua. Kifungu tutakachokiandika kwa ajili ya mwenzetu leo, kesho chaweza kusomwa kwa jina lako. Tukiandike kikiwa imara, wakati mikono yetu ingali na nguvu.

Maswali yaletwe kwa katibu wa tawi, naye atayajibu katika mkutano ujao. Wenye madai yasiyotimiza miezi 12 wasingoje mkutano, waje kesho.

Umoja ni nguvu.